Nani Amekupa Pole Huko?

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako naijua inavyosikika, nimeshaipokea. Mimi mzima, ila mafua kidogo. Goti lako je? Na baridi ya Makambako imepungua, au bado mnagombania jiko? Barua hii anakuletea Mama Upendo, yule mfanyabiashara wa Iringa ninayemkagulia jinzi zake viwandani, maana kwenye simu ukiniweka spika ukoo mzima unasikia.

Mlipomaliza kumzika baba uliniuliza kwenye simu, "Nani amekupa pole huko?" Nikakujibu watu wapo. Nilijua hukuniamini. Kutokuja kwangu ulikuelewa, pasipoti ilikuwa uhamiaji nabadilisha viza. Kinachokukosesha usingizi ni kwamba mwanao alilia peke yake. Sasa nikujibu vizuri.

Ninakokaa huku China ni Xintang, kwenye viwanda vya jinzi, mbali na Guangzhou mjini. Ni kamji kapole. Karibu wote ni wahamiaji kutoka mkoa mmoja, Sichuan. Wana lafudhi yao, pilipili zao, hata kinyozi ni wa kwao. Ni kama Wabena wote wahamie Tanga, halafu katikati yao apange Mchina mmoja. Mchina huyo ndiye mimi. Mchana watu wako kwenye cherehani, uchochoro unabaki na suruali zilizoanikwa na wazee wanaocheza karata. Hakuna anayekusumbua, wala anayekusalimia. Mwanzoni niliona ni dharau. Siku hizi naona ni mapumziko.

Jirani yangu wa mlango kwa mlango ni dada Luo, anashona zipu. Alikuwa na bata, anamfuga juu ya paa. Bata akapotea. Nikaona siwezi kumpita kimya mtu aliyepatwa na jambo, utadhani sikulelewa. Neno la pole kwa Kichina nikalitafuta nisilipate, nikachukua lililo karibu: duibuqi. Nikashika kifua, nikainamisha kichwa, duibuqi, duibuqi. Kumbe hilo ni la mkosaji anayeomba radhi! Akaniuliza kitu sikukielewa, nikaitikia kwa heshima. Basi mama, nilikuwa nimekiri wizi wa bata. Jioni mwenye nyumba akaja kuniambia nitafute chumba kwingine.

Kesho yake bata akaonekana paa la jirani, ametulia kama mwenye hati ya nyumba. Dada Luo akaja na simu ya kutafsiri. "Kama hukuiba, ulikuwa unaomba radhi ya nini?"

Nikamweleza kwamba kwetu mtu akijikwaa tunampa pole, akiugua pole, akitoka kazini pole, akifiwa pole, hata kama hatukumfanya lolote.

"Neno moja kwa yote hayo?" Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaenda mwenyewe kumtuliza mwenye nyumba. Tangu hapo nikipandisha mizigo ngazini, ananipigia kelele kutoka ndani, "Pole!"

Siku ya msiba nilikuwa nimekaa mlangoni, simu mkononi. Dada Luo alikuwa anatoka kwenda kazini. Nikamwambia kwa Kichina changu kibovu, baba yangu amefariki. Akarudi ndani, akatoka na bakuli la uji wa mchele, akaliweka mbele yangu, akashika kifua vilevile nilivyofanya mimi kwa bata wake. "Pole," akasema. Akakaa nami sakafuni mpaka uji ukapoa. Kiwandani hakwenda.

Nililia, mama, nililia hasa. Neno nilimfundisha, lakini jibu lake sikuwahi kumfundisha. Afadhali. Angelijua angesubiri niseme nimeshapoa, na nisingeweza.

Nisalimie shangazi aliyekesha jikoni msibani, na mdogo wangu mwambie shamba la viazi la baba asilikodishe. Kitambaa cha jinzi alichobeba Mama Upendo ni chako, shona sketi ya kwendea shambani.

Na wewe, mama, pole. Kama bado hujapoa, usinijibu.

Mwanao,
Tumaini