Marhamu Niliyoipasha Moto

S.L.P. 617,
Cheyo, Tabora.
14 Mei 2024

Mpendwa Mjomba Leodgar,

Shikamoo. Habari za Ubelgiji? Mama Adriano na watoto wanaendeleaje na hiyo baridi yenu? Sisi huku mvua zimekata, na mdogo wangu Samweli yuko Kaliua kwenye tumbaku. Mimi mzima wa mwili tu.

Kwa simu nimeshindwa kukuambia mara nne. Nikimaliza kuandika nitaipiga picha barua hii nikutumie.

Mjomba, dawa yako niliiharibu. Ulinieleza vizuri kabisa: vimeng'enya vya papai na viondoa sumu vya mlonge umevifungia ndani ya vipovu vya mafuta visivyoonekana kwa macho, liposomu, ili vifike kwenye kidonda cha mguu wa mama vikiwa hai. Ukasisitiza isipate joto. Ukasema pia ni ya majaribio, tusiache hospitali.

Lakini unajua kwetu mgonjwa hapakwi kitu cha baridi. Hata samli bibi aliipasha kwanza. Siku ya kwanza tu mama alishtuka nilipomgusa, nikaona huruma, nikaweka kopo kwenye sufuria ya maji ya moto. Nilipofungua, mafuta yalikuwa juu na maji chini. Nikakoroga kwa kijiko, nikampaka, nikanyamaza. Mpumbavu mimi!

Ni wiki ya tano sasa. Kidonda kimeingia hadi mfupani na kinanuka. Daktari anataka kukata mguu chini ya goti Ijumaa hii, kabla sumu haijapanda. Mama amekataa kutia dole gumba kwenye fomu ya kukubali. Anawaambia manesi, "Mdogo wangu kanitengenezea dawa kwa mikono yake, nyie mnanikimbiza wapi? Acheni ifanye kazi."

Nimemwambia imeharibika. Hakuniamini, anadhani nimetumwa na daktari. Padri kaja, naye karudi hivyo hivyo.

Nakuomba, Mjomba, nimepiga magoti. Usitume kopo lingine. Mpigie dada yako kabla ya Ijumaa, umwambie mwenyewe kwamba dawa yako imekufa na akubali kukatwa. Ukitaka kunitaja mimi, nitaje.

Wasalimie wote hapo, na Mungu awafunike. Mama anakusalimu sana. Leo asubuhi kanituma nikushukuru, anasema maumivu yamekwisha, mguu hausikii tena kabisa.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Consolatha