Arobaini ya Mwanaisha

Mwera, Pangani

Dada yangu Tumaini,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta hapo Njombe unaota moto na kuwasengenya wifi zako, maana ndivyo tunavyojua kwamba u mzima. Mama miguu bado inamsumbua? Mimi mkonge haujanimaliza. Kitambi kipo, nywele ndizo zimenihama.

Habari kubwa ni kwamba nimemwona mtoto. Unajua nilimposa Zuhura tumbo limeshachomoza, na mama yake, Bi Mwanahawa, akanikataa: mzee, mtu wa bara, tena Mlutheri. Kisha akamhamishia binti yake Tanga mjini, Nguvumali, wasikojulikana, akajifungulie huko. Nikapiga simu hadi nikawa kero. Mwishowe Bi Mwanahawa akaniambia nije siku ya arobaini, mama na mtoto wanapotolewa nje, ila nije kama jirani tu wa Pangani. Nikitamka neno la ubaba, sitamwona tena.

Nikaenda, dada, shati limenyooshwa kama la bwana harusi. Nikaketi mkekani na wanaume, karibu na sinia la pilau, maana hapo sipotei. Mtoto akapitishwa mkono kwa mkono, kila mzee akimwombea dua, hadi akanifikia. Mwanaisha ana masikio ya baba yetu, maskini, yametokeza vilevile. Akanipigia chafya usoni.

Ndipo mwalimu wa madrasa akauliza baba mtoto yuko wapi, naye aombewe. Zuhura akavuta ushungi akajifunika uso. Bi Mwanahawa akajibu kutoka mlangoni, kwa sauti laini kabisa.

"Alifariki, mwalimu. Kabla huyu hajazaliwa."

Mzee wa pembeni yangu akaninong'oneza nimshike vizuri kichwa, yatima hubebwa kwa upole.

Basi nikaombewa, dada. Kaburi langu lipanuliwe, madhambi yangu yafutwe. Wenzangu waliinua mikono. Yangu ilikuwa imemshika yeye, nikaitikia kwa mdomo. Niliitikia amina kwa sauti kuliko wote, maana Bi Mwanahawa alikuwa ananitazama.

Akanisindikiza hadi barabarani.

"Umejitahidi," akasema. "Idi uje tena."

"Ahsante, mama," nikamjibu, ingawa tunalingana umri.

Nitakwenda.

Mwambie mama mjukuu wake ni mzima, mengine mfiche. Msalimie shemeji yangu fundi cherehani, na wanao wote. Na mchungaji asihangaike kunitaja kwenye maombi, nimeshaombewa vya kutosha.

Mdogo wako,
Yohana