Bomba Halikuwa Bovu

Shangazi Jovina, shikamoo. Naomba unisikilize wewe, maana hapa nyumbani nimeshaambiwa ninyamaze.

Mie nashona mito ya makochi hapa Keko, nina binti wa darasa la tatu, Jenipher, na kila Jumamosi hata niwe nimechoka vipi nampeleka kwa Bibi Hamdiya, mzee aliyekuwepo hapa kabla ya mafundi wote hawa, anamtembeza anamwonyesha nani alikaa wapi na palikuwa na nini. Mtaa wetu tunauita Bomba Bovu, na bomba lenyewe lipo, limebaki nguzo ya zege na kutu, watu wanaanikia matambara. Bibi akamwambia, "Bovu wapi, mjukuu wangu! Lilikuwa linamwaga kutwa kucha. Sie wanawake ndio tulioliita bovu, ili wauza maji wa mikokoteni wapitilize, wasije kutumalizia." Mtoto alicheka hadi akakaa chini.

Basi shuleni wakaulizwa asili ya jina la mtaa, naye akaandika hayohayo kwa penseli yake. Mwalimu Elinaza kamkosesha, kaandika kwa wino mwekundu, "Bomba liliharibika," kisha kaniita, kaniambia mbele ya walimu wenzake, "Mama Jenipher, hadithi za vibarazani msituletee darasani." Na mie Shangazi, naona haya kukuambia, nikaogopa mwanangu asije akaandamwa, nikamwambia, "Futa, andika alivyosema mwalimu." Akachukua raba, akafuta. Njiani akaniuliza, "Mama, kwani Bibi Hamdiya ni muongo?" Nikamhimiza tuvuke barabara. Jumamosi iliyopita kagoma kwenda. Baba yake anasema mwalimu habishiwi, yaishe. Mie sitaki yaishe! Nirudi shuleni, au nitamponza mtoto?

Mama Jenipher, Keko

*

Marahaba, Mama Jenipher. Kwa uchovu nakupa pole. Kwa ile raba, pole sikupi. Wale wanawake walidanganya ili watoto wao wapate maji. Wewe umedanganya upate nini?

Mwalimu si adui yako. Huenda si mwenyeji, kasoma jina akaliamini, na hata hao wauza maji waliliamini. Kosa lake ni kumwita mzee wa watu mpiga porojo bila kwenda kumuuliza.

Leo hii mjibu mtoto: Bibi si muongo, mama ndiye aliyeogopa. Usizungushe maneno. Jumamosi nendeni kwa Bibi, umwombe radhi, kisha umuulize ni nani mwingine aliyepanga ndoo naye pale bombani na bado yuko hai. Mfuateni huyo. Wakipishana, Jenipher aandike ya wote wawili.

Jumatatu mpakie Bibi kwenye bajaji hadi shuleni. Usiende na kelele, kelele zako mwalimu atazishinda. Ila kwa Bibi itabidi aanze na shikamoo, na akishaitoa hiyo hana njia, atasikiliza. Hapo wewe kaa kimya, mwenye bomba aongee.

Mumeo akirudia kuwa mwalimu habishiwi, mwambie ni kweli, habishiwi. Anaongezewa.

Wakimaliza, Jenipher aandike jibu lake upya. Safari hii mpe kalamu ya wino.