Kamera ya Kumwona Aliye Juu ya Kreni

Nyumbani kwetu,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla ya yote niambie, goti linaendeleaje? Mara ya mwisho uliandika kwamba unapanda ngazi za kazini kwa kushika ukuta, nikakuona kama uko mbele yangu. Natumaini baridi ya huko imelegea na shemeji amepona kile kikohozi. Na wale wanangu wawili, bado wanagombania kitanda cha dirishani? Waambie mama mkubwa anauliza, na anataka jibu la kweli.

Sisi hapa hatujambo. Mchana cherehani inalia, usiku mgongo unalia, ndiyo maisha. Shemeji yako naye mzima, na mguu wake ule ule, na mikono ile ile inayotetemeka akishika kikombe. Tabia tu ndiyo iliyobadilika. Mwanamume ambaye tangu anioe hajawahi kugusa kitambaa cha vumbi, miezi hii yote amekuwa akifuta kioo cha dirisha la jikoni kila Jumapili asubuhi, kwa nje, mpaka king'ae. Nilishukuru kimoyomoyo nikanyamaza, maana mume akianza wema kwa hiari yake usimshtue.

Sasa tuje kwenye ugomvi wetu. Barua yako ya mwisho ilinikera, na ulikuwa na haki. Nilikutumia picha ya mwanao, huyu binti yangu, akiwa kazini, niliyoipiga kwa simu nikiwa nimesimama uani, nikajiona mpigapicha hodari. Wewe ukajibu: "Dada, hii ni picha ya binti yetu au ya nzi aliyetua kwenye waya?" Nilicheka, kisha nikaitazama tena. Kreni ilionekana, mawingu yalionekana, hata shuka zangu kwenye kamba zilionekana. Mwanao alikuwa nukta.

Na yule si mtu wa kuwa nukta. Jengo linalopanda mbele yetu lina kreni mbili, na mojawapo inaendeshwa na mtoto niliyemzaa mimi ukambeba wewe mgongoni. Wenzake wamempa jina, wanamwita Taratibu, kwa sababu hajawahi kuuyumbisha mzigo. Msimamizi wao alinikuta kwenye duka la misumari akaniambia mbele ya watu kwamba vioo vikija, hamwamini mwingine kuvipandisha. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, nikasahau hata misumari niliyoifuata.

Lakini fahari hiyo nilikuwa naila peke yangu. Unakumbuka shemeji yako alivyokuwa fundi mwashi wa kuitwa kutoka mbali, mpaka jukwaa lilipomwangusha. Binti alipotuambia anakwenda kusomea kreni, baba yake alisema maneno machache tu: "Mimi nimeshaanguka kwa niaba ya ukoo mzima." Hakumkataza, wala hakumwambia nenda. Siku mwanao alipoanza kazi hapo mbele yetu, baba yake alichukua kiti chake cha uani akakielekeza kwenye ukuta wa jikoni, akaketi, akaipa kreni mgongo. Ikawa ndiyo desturi yake kila siku, chai ikiwa mkononi na macho ukutani.

Jioni moja mwanao alikuwa anafungua kamba za viatu vyake vya kazi, akaanza kunisimulia jinsi mtaa unavyoonekana kutoka kule juu. "Nakuona ukianika nguo, Mama," akasema. "Na mgongo wa Baba nauona." Akaendelea kufungua kamba kana kwamba hajasema kitu.

Neno hilo nililala nalo. Mtoto anatuona kila siku, sisi hatumwoni. Mimi ni kwa sababu macho hayafiki, baba yake ni kwa sababu hataki. Hilo la pili lilinishinda. Nikasema basi hili la kwanza nitalitafutia dawa dukani, ukijumlisha na nzi wako.

Nilikwenda kwa yule mama mwenye duka la kamera karibu na benki, anayevaa miwani kwenye paji la uso na kuitafuta kutwa. Nikamweleza bila kupamba: nataka kamera ya mtu wa kawaida, ya kupiga magauni ya wateja asubuhi na binti yangu mchana, na binti mwenyewe yuko mbali na yuko juu, na mfuko wangu ni wa fundi cherehani. Kwanza akanitolea dude jeusi lenye lenzi za kubadilisha. Zuri, sikatai. Lakini lina uzito wa sufuria iliyojaa, na ile lenzi ya kufika mbali inauzwa peke yake, ghali kuliko kamera yenyewe. Nikamwambia mimi nataka kupiga picha, sitaki kufuga.

Ya pili ilikuwa ndogo, nyekundu, ya kuingia mfukoni. Boksi lake lilijaa majigambo kwamba inavuta mara nyingi ajabu. Nikaielekeza barabarani nikavuta hadi mwisho, uso wa askari wa njia panda ukawa vigae vya bafuni. Mwenye duka akacheka, akanieleza jambo ambalo nakuandikia na wewe usije ukadanganywa huko. Kuna kuvuta kwa lenzi, ambapo vioo vyenyewe vinasogea na kukuletea kitu karibu. Na kuna kuvuta kwa ujanja, ambapo kamera inakata kipande kidogo cha picha na kukitanua, sawa na mtu anayetaka gauni liwe kubwa kwa kulivuta pande zote badala ya kuongeza kitambaa. Akaniambia nisinunue namba ya kwenye boksi, niulize lenzi peke yake inafika wapi. Hapo nilimwelewa mara moja.

Ya tatu ilikuwa kwenye rafu ya nyuma, boksi limechakaa kona, toleo lililokwisha kupitwa na mengine. Lenzi yake ni moja, haitoki, lakini ukibonyeza inachomoza kama shingo ya kobe. Ina mahali pa kushika kwa kiganja kizima, na ina kitundu cha kuchungulia, maana kwenye jua kali kile kioo cha nyuma hakionyeshi chochote. Nikaomba kuijaribu kwa kipimo changu. Nikasimama mlangoni, nikatafuta shati lililoanikwa ghorofa ya juu ng'ambo ya barabara, nikavuta. Mdogo wangu, niliuona mshono wa kwapa, na nikaona umepinda.

Chema chajiuza. Tulivutana kidogo juu ya bei, yeye akisema boksi bovu halipunguzi macho ya kamera, mimi nikisema halimpendezi mteja, mpaka tukaelewana. Wakati wa kunifungia alinionya kwamba nikivuta hadi mwisho hata pumzi yangu itaitikisa picha. Kuna kitufe cha kuituliza, lakini dawa hasa ni mikono kupata pa kuegemea.

Siku ya pili yake nikatoka nayo uani. Shemeji yako alikuwa kwenye kiti chake kama kawaida, mimi nikasimama nyuma yake, nikaegemea nguzo ya kamba ya nguo. Nikaitafuta ile kreni fupi, ambayo mwanao alituonyesha siku ya kwanza kwamba ndiyo yake. Nikavuta taratibu mpaka kibanda cha dereva kikajaa kwenye kitundu, nikabonyeza. Kisha nikaenda kivulini kutazama uso wa mwanangu, nikamkuta mwanamume mwenye ndevu anakula ndizi.

Nikasema kwa sauti kwamba huenda mtoto anaumwa, au kuna jambo limempata huko hatujaambiwa. Shemeji yako, bila kugeuza shingo, akasema: "Hiyo si yake. Alihamia ile ndefu tangu wiki iliyopita."

Mwanao hakuwa ametuambia amehamishwa, na baadaye nilijua alificha makusudi ili baba yake asianze kuupima urefu. Nikamuuliza amejuaje. "Siku hizi ile fupi ikisimama mzigo unayumba," akasema. "Ile ndefu hauyumbi." Akajiinua kwa fimbo yake akaenda kunywa maji, kama mtu aliyetaja mvua ya jana.

Nikaketi kwenye kiti chake nipumzishe miguu, na hapo ndipo nilipoona. Mbele yangu lilikuwa dirisha la jikoni, na kioo chake kile kinachofutwa kila Jumapili. Ndani ya kioo kulikuwa na kreni zote mbili, safi, na ile ndefu ilikuwa inageuza mkono wake polepole. Miezi yote hiyo nilidhani mume wangu anatazama ukuta, kumbe anamtazama mwanawe kwa kupitia kioo, asionekane anatazama. Alijitia hamnazo mbele yangu, mtu ninayelala naye kitanda kimoja. Nililia kidogo. Aliporudi nikamwambia ni vumbi la magodoro.

Sikumtajia kioo, na wewe ukimwandikia usimtajie. Nilimpa kamera tu, nikamwambia mikono yangu imechoka, aijaribu yeye. Akaikataa, kisha akaipokea. Mikono ikatetemeka kama ilivyo, na nikajua kule ndani ya kitundu kreni inaruka huku na huku kama panzi. Akajaribu kuegemea nguzo yangu, mguu ukachoka. Akajaribu kuiweka juu ya fimbo, akanuna. Nilitaka kumsaidia lakini nikakaza roho.

Mwisho akafanya kama fundi yeyote aliyekosa pa kuwekea chombo, akaangalia vitu alivyo navyo. Alikuwa na kiti. Egemeo la kiti lilikuwa upande wa kreni tangu zamani, likimsubiri. Akakikalia kinyume, mguu mbovu kaunyoosha pembeni, akaweka viwiko vyote viwili juu ya egemeo, kamera ikatulia. Kiti kilibaki pale pale kilipokuwa, aliyegeuka ni yeye.

Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Mzigo ulikuwa umekwisha kushushwa na kreni imesimama. Nikasikia kamera ikitoa mlio wake mdogo, mara moja tu, lakini hakuniita nitazame. Aliendelea kuchungulia, kisha akasema, na sidhani alikuwa akisema na mimi: "Ana mikono yangu. Ile ya zamani."

Jioni mwanao aliingia, akatundika kofia yake ngumu kwenye msumari, akasimama mbele ya baba yake. "Baba," akasema, "leo sikuuona mgongo wako."

Shemeji yako akamjibu kwamba kamera ilitaka pa kuegemea. Kisha akasogea kwenye benchi akampisha binti yake akae, akamuuliza ile ndefu ikipigwa na upepo huwa anafanyaje. Mtoto akaanza kueleza, baba akawa anauliza tena na tena, na chakula kikapoa mezani. Mimi niliwatazama tu. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nimeusikia mshindo wenyewe ndani ya nyumba yangu.

Kamera sasa haikai. Asubuhi naitumia kupiga picha za magauni, na wateja wangu wanasema nguo zangu zimependeza zaidi, kumbe ni zile zile. Mchana siipati. Fundi wako mwashi ananiambia betri imejaa, kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza, anatoka nayo uani. Amempiga mwanao, amempiga mwenye ndevu, amepiga hata matofali ya ghorofa ya juu ili aniambie mstari wa tatu haukunyooka. Kila apitaye njia anamwita aone. Juzi nilimsikia akimwambia muuza maziwa: "Yule ni wangu. Ile ndefu." Muuza maziwa ameshaambiwa mara nne, maskini, na bado anaitikia kwa heshima.

Leo ni Jumapili, na kioo cha jikoni kina vumbi.

Nisalimie shemeji, mwambie anywe kitu cha moto na aache ubishi. Wanangu wawili nawabusu kwenye paji la uso, na huyo mdogo mwambie viatu alivyoahidi kunichorea bado navisubiri. Mwanao anamsalimu sana mama mdogo, anasema ukija atakuonyesha paa letu kwa kidole ukiwa chini, maana juu hawaruhusu wageni. Shemeji yako anakusalimu pia, na anauliza kama kreni za huko zinaendeshwa vizuri.

Nimeisafisha ile picha pale studio, nimeiweka humu katikati ya karatasi isikunjike. Ndiyo ile ya kwanza aliyoipiga shemeji yako. Itazame vizuri, si nzi tena. Utaona mwanao anatuangalia moja kwa moja na meno yote yako nje, na utadhani alijua anapigwa picha. Hakujua. Kutoka kule juu kamera haionekani. Alikuwa amemwona baba yake amegeuka.

Mungu akulinde huko uliko, alilegeze goti lako, na atukutanishe tukiwa bado tunaweza kucheka pamoja.

Ni mimi nikupendaye, hata ukiniudhi,
Dada yako wa cherehani.