Constantine Hakuzeeka

Dar es Salaam, 11 Juni 1995

Kwako Mama Flora,

Leo Jumapili, na mwaka wa tatu umeanza tangu nipande treni pale Shinyanga. Natumaini barua hii inawakuta mnapumua vizuri, wewe, Flora na mama yangu, Mayu. Mimi mzima, ila mgongo. Tangu biashara ifunguliwe marobota ya mitumba hayaishi. Mzigo wa meli moja haujamalizika, wa nyingine umefika.

Barua yako niliisoma kazini, mpaka Joakim ninayebeba naye akaniuliza nimefiwa na nani. Unasema Flora anatoka usaha masikioni tangu augue surua, na sasa ukimwita akiwa amekupa mgongo hageuki. Unasema Mayu amekwenda kwa mfumu kupiga ramli, na mfumu kasema aliyemziba masikio ni kaka yangu Constantine, kwa sababu tangu afe kwenye vita ya Kagera hakuna aliyempigia wimbo wake. Apewe wimbo kwanza, ndipo dawa ya hospitali iingie. Ikitangulia dawa, ataziba moja kwa moja.

Wimbo naujua. Ni ule wa Mmarekani mweusi anayeimba kama anayelia. Constantine aliununua alipokuwa karani kwenye kiwanda cha pamba, akawa anaupiga kila Jumamosi mpaka kuku wakauzoea. Santuri yenyewe ndiyo ile iliyopinda juani siku tulipoezeka nyumba upya, ambayo Mayu anafunikia mtungi.

Huku Kariakoo sasa kuna maduka yanayouza kaseti peke yake. Nyimbo za soul za zamani zimerudi, wanazikusanya nyingi kwenye kaseti moja na kuziita zilipendwa za Wamarekani. Nimeupata. Jina la mwimbaji ni lile lile na jina la wimbo ni lile lile. Kaseti nampa Paschal, anarudi Bariadi na lori la hawa wanunuzi wapya wa pamba. Wimbo ni wa nne, upande wa kwanza.

Najua wewe ungekwenda hospitali leo. Ngoja kaseti ifike. Mayu alizika mume, lakini Constantine, hata maiti yake hakuletewa aizike. Tusimruke.

Mumeo,
Baba Flora


Bariadi, 2 Julai 1995

Baba Flora,

Mwangaluka, mume wangu. Pole na mgongo. Huku tunaendelea, ila huko tunakoendelea hakunipendezi.

Kaseti ilifika. Mayu alipika pombe ya mtama, mbuzi akachinjwa, ndugu wa Kiloleli wakaja. Mjomba wako Mayala alileta redio yake na betri mpya. Tulimketisha Flora mbele ya redio. Mfumu akamwita Constantine kwa majina yake yote, kisha Mayala akabonyeza.

Watu walianza kutikisa vichwa. Mayu alikuwa amekaa chini, miguu kainyoosha. Alisikiliza kidogo tu, akainua mkono.

"Zima."

Mayala akamwambia, "Dada, si ndio wimbo wenyewe? Hata mimi naukumbuka."

"Wimbo ndio. Mtu siye. Huyu amezeeka. Sikia anavyovuta pumzi, kama mimi nikitoka kisimani. Constantine hakuzeeka. Mnataka nimwite mwanangu kwa sauti ya mzee?"

Mfumu akasema basi tambiko halijafanyika. Mbuzi akaliwa tu. Mayala alipokuwa anaondoka aliniambia, "Dada yangu sasa anawakataza Wamarekani kuzeeka." Sikucheka.

Sasa nisikilize. Usaha umeanza kunuka. Foronya ya Flora naifua kila asubuhi. Juzi ng'ombe wa jirani walikuwa wanateremka kunywa maji, na yeye yuko katikati ya njia anachezea mchanga. Sote tulipiga kelele. Hakugeuka. Nilimnyakua pembe imeshamfikia kwenye nguo.

Nipe ruhusa nimpeleke hospitali. Ukiandika wewe, Mayu atakubali hata kwa kununa. Nikienda kwa kichwa changu, litakalompata mtoto litakuwa ni langu. Nataka neno moja tu kutoka kwako.

Mkeo,
Mama Flora


Dar es Salaam, 16 Julai 1995

Mama Flora,

Salamu nyingi, na pole kwa kumnyakua mtoto. Tangu nisome hiyo habari nikifumba macho naiona pembe.

Mayu alisikia sawasawa. Nilirudi dukani kwa Marcelo, ndiye aliyeniuzia ile kaseti. Aliponiona tu akaanza, "Msukuma, umerudi? Marehemu hakuupenda?" Nikamwambia aliyekataa ni mama wa marehemu. Akaacha utani. Akatoa karatasi ya kaseti akanionyesha maandishi ya Kiingereza pembeni, madogo kama mayai ya chawa. Yanasema nyimbo zimeimbwa upya na mwimbaji mwenyewe. Anasema rekodi ya kwanza huwa ni mali ya kampuni fulani, basi kampuni nyingine inamtafuta yule mwimbaji akiwa ameshakuwa babu, inamwimbisha tena wimbo wa ujana wake, na juu inaandika jina lile lile. Mimi na darasa langu la nne nilisoma maandishi makubwa nikafurahi.

Lakini upo na ule wa kwanza. Sasa zimekuja sahani ndogo zinazong'aa, wanaziita sidii, na nyingine zimetolewa kwenye rekodi zenyewe za zamani. Jamaa yake Marcelo anarudi kutoka Dubai mwisho wa mwezi, na ameagizwa. Safari hii sitakosea. Ule wenyewe, kabla yule bwana hajaanza kuimba, anakohoa. Constantine alikuwa anakohoa pamoja naye, na Mayu anamwambia, "Kikohozi cha Marekani kitakuua, wewe."

Kuhusu hospitali. Nimekaa na kalamu mpaka Joakim amemaliza kupika, amekula na ameosha sufuria. Nikimpinga Mayu kwa karatasi utakayomsomea wewe, atakayechukiwa ni wewe, siyo mimi niliye mbali. Na vipi kama mfumu amesema kweli? Mfumu yule yule alisema baba hatamaliza masika, na hakumaliza. Ngoja mpaka mwisho wa mwezi. Msafishe nje kwa kitambaa safi, usimtie kitu ndani.

Usinikasirikie.

Mumeo,
Baba Flora


Sola, 4 Agosti 1995

Baba Flora,

Sisi wazima. Tazama nilipoandikia. Niko Sola, hapa Maswa, kwa baba yangu.

Barua yako niliisoma nimesimama pale posta. Nilipofika kwenye "ngoja" niliikunja. Kesho yake kabla Mayu hajaamka nilimfunga Flora mgongoni, mkubwa vile, nikaenda.

Daktari alimsafisha mtoto analia, mimi nimemshika kichwa. Sikio la kulia limekwisha, ngoma imeliwa. La kushoto linasikia kidogo. Akitiwa matone kila siku na maji yasiingie, linaweza kupona. Akaniuliza kwa nini nilichelewa kumleta. Nikamwambia nilikuwa nangoja wimbo. Alidhani sikuelewa swali, akaniuliza tena kwa Kisukuma.

Niliporudi Mayu alikuwa mlangoni. Nilijiandaa kwa matusi. Alisema tu, "Umemfungia mwanangu Constantine nje," akaingia ndani. Jioni nilikuta vyombo vyangu na nguo za Flora nje ya uzio, vimepangwa vizuri, hata kikombe hakikuvunjika. Afadhali angevunja.

Matone nayatia mwenyewe. Jana mdogo wangu Apolonia alimwita kutoka jikoni, akageuka. Aligeukia upande usio wenyewe, lakini aligeuka. Anauliza bibi yake atakuja lini.

Usiniandikie tena kuniambia ningoje.

Mama Flora


Dar es Salaam, 20 Agosti 1995

Mama Flora,

Sijui kama bado unapenda kusikia salamu zangu, lakini nakusalimu, na baba yako, na Apolonia. Mwambie Flora baba yake anamsalimu, umwambie ukiwa kushoto kwake.

Uliniomba neno moja, nikakuandikia kurasa. Sikio lile sitaliombea msamaha kwenye karatasi.

Sidii ilifika. Marcelo aliifungua, akaweka. Ngoma zikagonga kidogo, kisha yule bwana akakohoa. Nilimwambia arudishe. Akarudisha. Nikamwambia arudishe tena, akasema, "Msukuma, watu wote wanakuja kusikiliza wimbo, wewe umekuja kusikiliza kikohozi." Lakini alirudisha. Ameniwekea kwenye kaseti, wimbo huo peke yake pande zote mbili, na vile vijino vya nyuma amevivunja ili mtu asije akarekodi mahubiri juu yake.

Mayu nimemwandikia kupitia kwa mjomba Mayala. Nimesema ruhusa ya hospitali niliitoa mimi, na aliyetoka alfajiri bila kuaga alikuwa anafuata amri yangu. Si kweli, na wewe unajua. Usimsahihishe. Nimesema pia kwamba wimbo naleta, na safari hii mwimbaji ni kijana. Ataupata hata kama mfumu hataki kurudi. Mama aliyekaa miaka kumi na sita bila kaburi la mwanawe, hilo simnyimi. Ila siku ya kuupiga Flora atakaa mbele, na wewe utakaa karibu yake, na matone yake yatatiwa hapo hapo Mayu akiona.

Kazi nimeacha. Mgongo ulikuwa umeshaacha kabla yangu. Joakim ananicheka, anasema narudi kwetu na kaseti moja na malaria.

Unajua desturi. Mtoto wa kiume akirudi safari, mzigo wake unatua kwanza kwa mama yake, ndipo watu wengine wamwone. Mayala atakuwa amekwisha kumwambia, na Mayu atakuwa amefagia uwanja. Lakini basi la kutoka Shinyanga linapita Maswa kabla ya Bariadi, na safari hii sitapita nimekaa. Halafu tutakwenda kwake sote watatu, mimi nikiwa mbele.

Nitashuka Maswa, Alhamisi tarehe 7 Septemba, mchana.

Baba Flora