Chupa Uliyoandika "Glu"

Papa Murhula,

Najua marehemu hagombezwi, lakini wewe nitakugombeza. Tangu tukuzike mpaka juma lililopita, viinitete vyote vya ng'ombe nilivyolea katika maabara yetu vilikufa. Vilikuwa vinagawanyika vizuri, seli mbili, nne, nane, halafu vinasimama. Mara saba nimekwenda machinjioni kuomba ovari, nikazileta zikiwa bado na joto kupitia mtaa wa Nyawera, thermos kifuani, na mara saba nimemwaga kila kitu. Na fakilti imesema nisipoonyesha kiinitete kimoja kilichofika siku ya saba, Ijumaa wanakigeuza chumba chetu kuwa stoo ya karatasi.

Nilikuwa nafuata daftari lako. Kwa yale maji ya kulelea umeorodhesha asidi amino kwa vipimo safi, kisha umeandika "Glu". Basi. Na chupani hivyo hivyo, "Glu". Mtu mwenye akili zake anaandika hivyo? Nikasoma glukosi. Ile chupa uliiacha tupu, nami nikaagiza glukosi, nikawa navinywesha viinitete sukari mpaka vikafa.

Wiki mbili zilizopita maman Furaha, anayetusafishia maabara, alitengeneza chai. Akachota kwenye ile chupa nyeupe ya rafuni uliyoandika "Sukari", akaonja, akanuna: "Hii sukari ya Papa utamu wake kidogo."

Nikaonja na mimi. Ilikuwa glukosi, Papa. Miaka yote tulidhani ni ya chai yako. Hapo ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukitusumbua tuache Kifaransa: "Tusijifiche mu français. Glucose iko sukari, muandike sukari." Kwa hiyo "Glu" haikuwa glukosi hata kidogo, ilikuwa glutamini, asidi amino kama zile nyingine za orodha yako. Nilicheka, kisha nikalia kwa hasira, chai ikapoa.

Nikaanza upya kwa glutamini iliyochanganywa siku ileile, maana ikikaa inavunjika na kutoa amonia yenye sumu. Leo ni siku ya saba. Vitano vimefika. Nilipoviona kwenye hadubini nikaita, "Papa, kuya uone." Nimeita kwa sauti kabisa. Maman Furaha akaacha kufagia, akatazama chini.

Pumzika sasa. Ijumaa nitawaonyesha vyote vitano, na chumba sikitoi. Daftari lako nitalinakili upya, kila neno mpaka herufi yake ya mwisho, ili atakayekuja nyuma yangu asikukasirikie namna hii huku anakuhitaji.

Mwanafunzi wako,
Nsimire