Mume Wangu wa Njia Panda Anaheshimiwa Kupita Kiasi

Kwako Mshauri Kuwabara, ambaye sauti yako huingia jikoni mwetu kwa redio kila Jumatano wakati wali unapokaribia kuiva: nakuletea shida nisiyothubutu kuisema mbele ya majirani, kwa sababu majirani wenyewe ndio shida, nami nakusihi unijibu kabla ya Jumamosi, siku ambayo mji wetu wa Otobuchi utakutana ukumbini kuamua hatima ya mume wangu, ambaye ni marehemu.

Mume wangu, Sugimori Yasuhei, alikuwa askari wa kituo kidogo cha polisi kilichopo njia panda ya posta, na katika utumishi wake wote alisimama pale kila asubuhi na bendera yake ya manjano, akivusha watoto na wazee, na kwa kuwa njia panda ile haina taa, yeye ndiye aliyekuwa taa yetu. Hakuna dereva aliyempita bila kumwinamia. Naye alimwinamia kila mmoja, lakini kwa namna yake: alinyoosha mkono kwanza, akangoja magurudumu yatulie kabisa, ndipo akaishusha shingo kidogo na upesi, kama kuku anayedonoa punje, kisha akampungia dereva aende zake. Nilipomtania kwamba anawainamia watu kwa ubahili, alinijibu, "Mke wangu, barabarani mimi nina macho. Shingo yangu ipo nyumbani." Na kweli, jioni akishakula, aliweka vijiti vyake vya kulia mezani, akaniinamia kunishukuru mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Alifariki katika mwaka ule ule ambao angestaafu. Hata siku arobaini na tisa za matanga yake hazijapita vizuri, Bwana Nukui, muuza maua na mwenyekiti wa Chama cha Usalama Barabarani, akaja na sanduku la keki na ombi: duka la nguo la stesheni lilikuwa limefungwa na kuacha sanamu yake ya kuvalishia suti, nacho chama kilitaka kuisimamisha njia panda ikiwa imevaa sare, kama ifanyavyo miji mingine, ili wenye haraka wapunguze mwendo. Nilitoa sare. Akaniomba pia niichoree uso, kwa kuwa nilifundisha uchoraji katika shule ya sekondari. Nikachora, Mshauri, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa maana nilichora vizuri mno.

Mwaka wa kwanza ajali zilipungua hata wageni wakaja kutoka mji wa jirani kumpima kimo marehemu. Mwaka wa pili zikaanza kurudi, na mwaka huu zimepanda kupita wakati wowote tunaoukumbuka, na zote ni za aina moja, mahali pamoja, gari la nyuma limeligonga la mbele. Sababu yake kila mtu anaijua wala hakuna aliyetaka kuitamka: watu wanamwinamia. Mwenye adabu zaidi hufunga breki kwanza, kwa sababu haifai kumwinamia mtu wa heshima huku unakwenda, na aliye nyuma yake haoni breki, kwa sababu kichwa chake kimeshafika kwenye usukani. Baya zaidi, marehemu haitikii. Sisi tumelelewa kwamba aliye mdogo hainui kichwa kabla ya mkubwa kuinua chake, na sasa mkubwa hashushi wala hainui, basi watu wanabaki chini wakingoja idhini isiyokuja.

Laiti ungewasikia wakishagongana. Wanashuka, wanainamiana katikati ya barabara.

"Samahani sana, kaka, bampa langu limekukosea adabu."

"La hasha, kaka, kosa ni la bampa langu la nyuma, limekaa njiani."

Kisha wanakwenda wote wawili kumwomba radhi sanamu kwa usumbufu, na kesho yake wanamletea zawadi, ndiyo maana katika wiki ya kampeni dhidi ya ulevi barabarani askari wetu alisimama akiwa na vikombe vya pombe vilivyopangwa miguuni pake mpaka kwenye mtaro.

Tumejaribu kila dawa. Tulimgeuza aipe barabara mgongo, watu wakadhani amekasirika, wakawa wanasimama kumuuliza wamemkosea nini. Tulimvika barakoa, wakadhani ana mafua, akaletewa tangawizi. Tuliweka kibao kilichoandikwa TAFADHALI MSIINAME, madereva wakakiinamia kukishukuru kwa ukumbusho. Mwishowe Mzee Dobashi, fundi wa ushirika wa wakulima, akasema tatizo ni kwamba marehemu haitikii, basi na aitikie. Akamfungia mgongoni ule mwanzi wa bustanini unaojaa maji ukainama, ukamwaga, ukainuka tena, akauunganisha na shingo, na marehemu akaanza kuinama. Mshauri, asubuhi ile sitaisahau. Dereva aliinama, sanamu ikainama, dereva hakutaka kuwa wa mwisho kuinamiwa akainama tena, sanamu nayo ikainama tena, na foleni ikafika darajani, na kwenye foleni ile magari manne yalibusiana kama ndugu waliopotezana.

Mwezi uliopita tulifanya mkutano. Konstebo Tatewaki, kijana aliyeletwa kutoka mjini kushika nafasi ya mume wangu, alitundika mchoro wa ajali ukutani, mstari unapanda kama njia ya kwenda hekaluni, akasema, "Waheshimiwa, tazameni. Mnaupa heshima mdoli!"

"Mdoli ni wewe unayeshinda ndani na kiyoyozi!" akajibu Bi Onuma wa duka la tumbaku. "Yule angalau anatoka nje!"

"Mama, wewe mwenyewe umevunjika shingo pale."

"Haijavunjika, imeteguka. Na tangu nivae kola hii ya hospitali siwezi kuinama, wala sijagongana na mtu tena. Andika hilo kwenye mlima wako!"

Ukumbi ukapiga makofi, na Bwana Nukui, kwa uso mkavu kabisa, akapendekeza chama kiagize kola za shingo kwa madereva wote wa Otobuchi. Hoja iliungwa mkono. Konstebo alikaa chini, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

Ningekuwa bado nacheka, kama si Jumatatu ya juzi. Gari dogo la mizigo liligongwa kwa nyuma, likasukumwa mpaka kwenye kivuko, likasimama kiganja kimoja kutoka kwenye kofia ya manjano ya msichana wa darasa la kwanza. Mtoto hakulia. Aliiinamia boneti, akaiomba radhi, akaendelea kwenda shule. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, na koti la mvua la mume wangu mkononi, nikienda kuivika sanamu.

Sasa Jumamosi wanataka kupiga kura aondolewe au abaki, lakini hakuna atakayenyoosha mkono kabla yangu. "Tunakuachia wewe, Mama Sugimori," wananiambia wote, "lako ndilo letu." Nami kila alasiri nakwenda kumfuta vumbi, nambadilisha skafu, namweleza habari za nyumbani. Bwana Nukui aliwahi kuniomba niufute uso tu, mwili ubaki. Nilikwenda na kitambaa kibichi na ndoo. Nikamwosha masikio, nikarudi. Nikisema aondolewe, nitakuwa nimemfukuza kazi kwa kinywa changu mtu ambaye hakupata hata kuagwa kazini. Nikisema abaki, kofia ile ya manjano hainitoki machoni. Naomba uniruhusu nimwache hadi majira ya kuchipua, pengine watu watazoea. Nifanye nini?

Ni mimi, Sugimori Tazuko, Otobuchi.

*

MSHAURI KUWABARA ANAJIBU

Bi Tazuko, ruhusa unayoniomba sikupi. Majira ya kuchipua ndipo watoto wapya wa darasa la kwanza watakapoanza kuvuka pale, kofia nyingine za manjano, miguu mifupi zaidi. Wewe mwalimu unalijua hilo kuliko mimi, na kama hukulijua, usingeniandikia.

Pole kwa msiba wako, ambao naona haujaisha. Nakupa pole hiyo nikiwa nimekaa wima, na kwa watu wa Otobuchi mnaonisikiliza muda huu mkiwa garini, nawaomba nanyi mkae wima na mtazame mbele. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakuwahi kufika njia panda yenu, ambako mwenda pole ndiye anayegongwa. Heshima ni kitu cha bure, ndugu zangu, lakini bampa linanunuliwa, na shingo hainunuliwi popote. Bwana Nukui, nakuheshimu, futa oda ya zile kola. Mji unaowafunga watu shingo ili wasiwe na adabu umeshindwa na adabu yenyewe.

Nirudi kwako, dada yangu. Unasema ulichora vizuri mno. Acha kujisifu kwa kujilaumu. Ulichora macho, na mji wako haukuwahi kumfuata Yasuhei kwa macho yake. Ulimfuata kwa mkono wake. Soma barua yako mwenyewe: alinyoosha mkono, akangoja magurudumu yatulie, ndipo akainama, na hata hapo kama kuku. Alikuwa akiwaachia watu vichwa vyao haraka ili wakaviinue. Kazi yote ilikuwa katika kuinua. Sanamu yenu inajua kuinamiwa tu, na Mzee Dobashi alipoifundisha kuinama aliisahaulisha mkono. Mnayemsimamisha pale siye mume wako. Mume wako asingekubali hata asubuhi moja watu wagongane kwa ajili ya kumsalimu, na angekuwa wa kwanza kujing'oa.

Kwa hiyo Jumamosi usiingie ukumbini kusubiri kura. Kura ni njia yao ya kukutupia wewe mzigo huku wakiinama. Simama wewe kwanza, useme hivi: mume wangu hafukuzwi, anastaafu. Alifariki kabla ya siku yake, na mji huu unadaiwa sherehe. Bwana Nukui alete maua, hilo analiweza. Konstebo Tatewaki afunge njia panda kwa saa moja, magari yazimwe, funguo zitolewe, kila mtu ashuke aje kwa miguu. Hapo wamwinamie wanavyotaka, wabaki wameinama mpaka migongo iwaume, wamalize yote waliyoyalimbikiza. Kisha wewe, siyo mwenyekiti, utainua kichwa wa kwanza, useme kwa sauti, "Asanteni, inukeni." Hicho ndicho walichokuwa wakikingoja pale barabarani siku zote hizi: mtu wa kuwaambia wainuke. Vikombe vya pombe vichukuliwe siku hiyo hiyo na vinywewe na wanaorudi nyumbani kwa miguu.

Mahali pale pasibaki tupu. Najua unachokifikiria, kwamba utasimama wewe na bendera. Usithubutu. Watakuinamia mara mbili, mara moja kwa ajili yako na mara moja kwa ajili yake, na tutazika watu. Asimame Konstebo Tatewaki. Kutokana na maelezo yako, ni kijana asiye na subira, mwenye michoro, ambaye hakuna mtu Otobuchi anayempenda kiasi cha kumwinamia. Mwanangu Tatewaki, kama unanisikia, usikasirike: hicho ndicho kifaa bora cha usalama ambacho mji huo umewahi kupata. Toka kwenye kiyoyozi. Mama Sugimori atakufundisha namna ya kunyoosha mkono, maana ameuona kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote, nawe ukiona umeanza kupendwa, toa taarifa mapema uhamishwe.

Bi Onuma, vua kola daktari akikuruhusu, wala usiivae siku moja zaidi kwa ushindani.

Nimebakiza neno moja, Bi Tazuko, nalo ni lako peke yako. Sherehe ikiisha, mchukue umpeleke nyumbani. Usiufute ule uso kwa amri ya mtu. Ukitaka kuufuta siku moja, utajua mwenyewe. Usimweke dirishani panapotazama barabara, maana nawajua watu wako. Mweke chumba cha ndani, kwenye mkeka ule alipokuwa akila. Alikwambia mwenyewe kwamba shingo yake ipo nyumbani, wewe ukamwacha miaka yote hii asimame barabarani bila shingo. Jioni, ukishaweka vijiti mezani, mwinamie. Baki umeinama muda unaotaka, na usiwe na haraka ya kuinuka, dada yangu. Nyuma yako hakuna gari.